Geji ya joto isikae kwenye mlango wa tanuri la samaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie tundu moja dogo: tundu la geji ya joto kwenye tanuri la kubanikia samaki. Ukikuta tanuri jipya huku mwambao wa Ziwa Victoria, liwe la pipa au la matofali, na likawa na geji, itafute mlangoni. Mara nyingi ndipo ilipo. Fundi huiweka hapo kwa sababu mlango ni bati, bati linatobolewa kwa drili dakika mbili, na mteja anaisoma vizuri akiwa amesimama. Katika sababu hizo tatu hakuna hata moja inayomhusu samaki.

Matokeo yake ni malalamiko yaleyale kila mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Geji ilisoma nyuzi 90 za Selsiasi mchana kutwa, lakini sangara wa trei ya juu wametoka na damu kwenye mfupa. Au geji haikuvuka 60, na trei ya chini imeungua. Mwenye tanuri anailaumu geji kuwa ni ya bei rahisi, ananunua nyingine, anaifunga palepale. Geji ya kwanza kwa kawaida ilikuwa nzima. Ilikuwa inapima sawasawa joto la mahali ambapo hapakuwa na samaki.

Geji ya mshale haihitaji umeme. Ndani ya mkia wake, ile fimbo nyembamba inayoingia tanurini, mna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja na kusokotwa kama springi. Metali moja hutanuka kuliko mwenzake ikipata moto, springi inajisokota, mshale unazunguka. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba springi hiyo haijai mkia mzima. Iko nchani, kwenye sentimita 4 au 5 za mwisho. Geji yenye mkia mfupi iliyofungwa mlangoni inapima hewa iliyogusana na bati la mlango, basi.

Na hewa ya kando ya mlango ndiyo isiyoaminika kuliko hewa yote ya tanurini. Tanuri lenye bomba la moshi huvuta: moshi unapopanda bombani, hewa ya nje inanyonywa ndani kupitia kila upenyo, na upenyo mkubwa kuliko wote ni ukingo wa mlango. Hewa hiyo ya baridi inapita juu ya mkia wa geji kabla haijachanganyika na joto la ndani. Tanuri lisilo na bomba hufanya kinyume chake, moshi unajisukuma kutoka pembeni mwa mlango, na geji inapima moshi unaotoroka. Tena kila mlango ukifunguliwa ili kugeuza trei, geji nayo inatoka nje, kisha inahitaji dakika kadhaa kurudi kwenye hali yake. Anayeisoma mara tu baada ya kufunga anaona joto limeshuka, anaongeza kuni, na robo saa baadaye anashangaa moto wote ule umetoka wapi.

Kwenye pipa lililolazwa na kukatwa, geji hukaa juu ya kifuniko, na hapo kosa lake ni la namna nyingine. Pipa likiwa tupu, joto linapanda na kifuniko ndicho chenye moto zaidi. Likijazwa samaki wabichi mambo yanageuka: trei za chini zinakula joto, maji ya samaki yanageuka mvuke, na hewa inayofika kifunikoni imeshapoa na kulowa. Si ajabu tofauti kati ya kifuniko na trei ya chini ikawa nyuzi 20, hata 30. Kwa hiyo anayejaribu pipa lake likiwa tupu, akaridhika, kisha akapakia, amejaribu pipa jingine.

Basi geji ikae wapi? Kama unayo moja tu, iweke kwenye ukuta wa ubavuni, katikati ya urefu wa ukuta huo, kwenye nafasi iliyo kati ya trei ya chini kabisa na ya pili yake. Trei ya chini ndiyo inayoungua kwanza, kwa hiyo ndiyo yenye haki ya kukuamuru upunguze moto. Usiiweke kwenye ukuta unaotazamana na tundu la kuni, maana ndimi za moto huulamba ukuta huo. Usiiweke konani, ambako hewa husimama. Ncha ya mkia isimguse samaki wala waya wa trei. Ikimgusa samaki aliyelowa itasoma joto la maji yake, ikigusa waya itasoma joto la chuma.

Ukiwa na uwezo wa geji mbili, ya pili ikae chini ya kifuniko, kama sentimita 5 juu ya trei ya juu kabisa. Hapo unapata habari ambayo geji moja haiwezi kukupa, yaani tofauti kati ya chini na juu. Ikiwa kubwa, ni wakati wa kubadilishana trei. Zikianza kukaribiana bila wewe kugusa moto, ujue samaki wameshapoteza sehemu kubwa ya maji na hawanyonyi joto kama mwanzo.

Urefu wa mkia ndipo watu wanapokosea dukani. Tofali likijengwa kwa upana wake, ukuta una kama sentimita 11. Paka udongo sentimita 2, zimefika 13. Springi inatakiwa iwe ndani yote na iwe mbali kidogo na ukuta, tuseme sentimita 7 za hewa. Jumla 20. Kwa hiyo mkia wa sentimita 20 unafaa, wa 15 unachungulia tu, na wa 10 unapima tofali. Tofali nalo lina tabia yake: linachelewa kupata moto na linachelewa kupoa, hivyo geji iliyozama ndani yake itakuambia jinsi moto ulivyokuwa muda mrefu uliopita. Pipa lina ukuta wa bati la milimita moja hivi, na hapo mkia wa 10 unatosha kabisa.

Mkia usichomekwe moja kwa moja kwenye tofali. Wakati wa kujenga, fundi alaze ukutani kipande cha bomba la nusu inchi, mkia upite humo, na nafasi inayobaki izibwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Saruji hapana. Hupasuka kwa moto, na isipopasuka ni balaa zaidi, kwa sababu geji haitatoka tena. Na lazima iwe inatoka, kwani moshi huuvika mkia koti la masizi na lami, na koti hilo linaichelewesha geji kuhisi mabadiliko. Ifutwe kila baada ya kazi ikiwa bado na uvuguvugu, kwa maji ya moto na sabuni. Isikwanguliwe kwa kisu; mkia ukipinda, springi ndani inakwaruza na mshale unakwama.

Wenye matanuri ya Chorkor, yale yaliyopata jina kutoka kijiji cha wavuvi cha Accra nchini Ghana, wana tatizo lao peke yao. Pale hakuna ukuta wa kutoboa: trei zenye fremu za mbao zinapangwa juu ya kuta fupi za moto, na fremu zenyewe ndizo zinazogeuka kuwa chumba cha moshi. Ukitoboa fremu ya trei, geji itahama pamoja nayo kila unapobadilisha mpangilio, na baada ya saa mbili hujui tena inapima kimo gani. Dawa yake ni fremu tupu isiyo na waya, ya ukubwa uleule, inayokaa daima juu ya ukuta chini ya trei zote. Geji ifungwe humo na isihame. Kwa kuwa hapo ncha ya geji inatazamana na makaa uso kwa uso, ikinge kwa kipande cha bati kilichokunjwa kama paa, kikae sentimita 2 au 3 chini ya ncha. Bila kinga hiyo geji inasoma mng'ao wa makaa, si hewa inayompata samaki, na namba inakuwa kubwa kuliko ukweli.

Sasa nije kwenye zile geji ndogo za sumaku, duara lenye rangi tatu usoni, zinazobandikwa kwenye majiko ya kuni. Zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa majiko ya chuma ya kupashia nyumba joto, na huko zina sheria inayoeleweka: bandika kwenye bomba la moshi la bati moja, kama sentimita 45 juu ya pale bomba linapotoka jikoni, sehemu iliyonyooka, mbali na kona na mbali na kile kibati cha kuzibia bomba. Ukanda wa kwanza wa rangi, chini ya nyuzi 110 hivi, unaonya kwamba moto ni dhaifu na lami ya moshi inaganda ndani ya bomba. Ukanda wa kati, hadi karibu 245, ndio wa kazi. Juu ya hapo joto linapotea angani na bomba liko hatarini. Namba hizo ni za ngozi ya bomba. Moshi ulio ndani huwa na joto la mara moja na nusu, hata mara mbili, ya hapo.

Kwenye jiko la kuni la hoteli au la shule lenye bomba la chuma, sheria hiyo inafaa ilivyo, hata hapa Mwanza. Kosa ni kuibandika ubavuni mwa jiko, ambako kwa ndani mna matofali ya moto au udongo unaokinga joto: geji itasoma 70 huku moto unavuma. Kosa la pili ni kuibandika kwenye bomba la mabati mawili lenye hewa au sufi katikati. Bomba la aina hiyo limetengenezwa kusudi ngozi yake isipate moto, kwa hiyo sumaku inashika na namba haina maana. Hapo inatakiwa geji ya mkia, bomba litobolewe hadi ndani kunakopita moshi. Sumaku ikikataa kushika, bomba lako ni aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Funga geji kwa waya. Na sumaku ndogo zile kali zinazong'aa zisitumike, za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80. Sumaku nyeusi ya spika iliyokufa inavumilia zaidi.

(Najua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na majiko ya kuni ya taasisi yanaondoka. Sina ugomvi na hilo. Lakini samaki wa moshi hatabanikwa kwa gesi peke yake, maana moshi ni sehemu ya bidhaa yenyewe.)

Kwenye tanuri la samaki, geji hiyo ya rangi ikibandikwa kwenye bomba la juu inapotosha kabisa. Moshi unaofika pale umeshapita kwenye trei zote na kuacha joto lake kwa samaki. Bomba litasoma 50 au 60 tanuri likiwa linafanya kazi vizuri, na rangi itasema ongeza moto. Ukiitii umeunguza. Hata hivyo ile hoja ya lami ni ya kweli, na bomba la tanuri la samaki litajaa lami kila siku kwa sababu daima ni la baridi. Hivyo bomba lisisimame juu ya trei. Litoke ubavuni juu ya trei ya mwisho, liende hatua fupi kwa mlalo, kisha lipande, na chini ya kona liwe na kikombe cha kukingia matone. Lami ikidondokea samaki inaacha madoa meusi yenye uchungu ambayo hayatoki.

Kama tanuri lako lina chumba cha moto kilichotengwa na kile cha samaki, mahali pazuri pa sumaku ni kwenye bomba fupi linalounganisha vyumba hivyo viwili. Hapo inakuonyesha tabia ya moto. Mshale ukiruka ghafla, kuni zimeacha kufukuta na zimeshika ndimi. Jambo hilo halihusu kuungua kwa samaki tu. Mti ukiungua kwa joto linalopita nyuzi 400, zile kemikali za masizi zinazohusishwa na saratani huongezeka kadiri joto linavyopanda, na Ulaya ina kikomo chake: mojawapo, benzopairini, isizidi mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki wa moshi. Sangara mnene anachangia mwenyewe, kwa mafuta yanayodondoka juu ya makaa. Ndiyo sababu tanuri la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, lililobuniwa Senegal, lina sinia la kukingia mafuta kati ya moto na trei. Sinia hilo fundi yeyote wa Nyakato anaweza kulikunja kwa bati, liinamishwe kidogo upande mmoja na liwe na mfereji wa kutolea mafuta nje.

Geji ya ukutani inapima hewa. Samaki ameiva au hajaiva ni swali jingine, na linahitaji kipimajoto cha kuchoma, kile chenye sindano. Kichomwe kwenye samaki mnene kuliko wote, aliye kwenye trei yenye joto dogo kuliko zote, ncha ifike katikati ya mnofu bila kugusa uti wa mgongo. Marekani kipimo chao kwa samaki wa moshi wa moto ni nyuzi 63 katikati ya mnofu kwa dakika 30 mfululizo, na sioni sababu ya sisi kutumia pungufu ya hapo. Kumchoma samaki mwembamba aliye karibu na mlango kwa sababu ndiye anayefikika ni kujidanganya.

Trei yenye joto dogo utaijuaje? Chukua makopo tisa yanayofanana, tia kila moja robo lita ya maji, panga matatu kwenye trei ya chini, matatu ya kati na matatu ya juu: kushoto, katikati, kulia. Washa moto kama kawaida, ngoja saa moja, kisha pima maji ya kila kopo kwa kipimajoto kilekile, haraka, bila kuacha mlango wazi. Maji yanafaa kuliko geji tisa kwa sababu yanapoa kwa kuvukiza, kama samaki mbichi anavyofanya. Kopo lenye maji ya baridi kuliko yote limekuonyesha mahali pa sindano. Zoezi hili lirudiwe ukibadilisha bomba, mlango au aina ya trei.

Kuvukiza huko ndiko kunakowapoteza wengi wenye vipimajoto vizuri. Samaki akiwa bado amelowa, jasho lake linampoza. Hewa inaweza kuwa 80 na ngozi yake ikabaki 40 na kitu kwa muda mrefu. Anayetazama sindano peke yake anaona haipandi, anaongeza kuni. Inafika saa maji ya juu yamekwisha, ule upoozaji unakoma, na joto linapanda kwa kasi wakati kuni zilizoongezwa ndizo kwanza zinakolea. Ndipo trei inapoungua, na mtu anaapa kwamba kipimajoto kimeharibika. Soma vyote viwili, hewa na mnofu, na uamuzi wa kuni ufuate hewa.

Ratiba ya hewa inayofundishwa ni ya ngazi tatu: karibu 30 hadi 40 mwanzo ili ngozi ikauke, 50 katikati, na 80 mwishoni hadi mnofu uive. Ukianza moja kwa moja na 90, ngozi ya nje inafunga kama gamba na maji yanabaki ndani. Samaki anaonekana mkavu, ana rangi nzuri ya dhahabu, anagongeka. Siku chache ndani ya gunia kwenye lori la kwenda Kongo, ule unyevu wa ndani unatoka taratibu, na akifunguliwa ana ukungu. Muuzaji wa soko la Kirumba, hapa Mwanza, anapata lawama kwa kosa lililofanyika saa ya kwanza tanurini.

Kabla ya hayo yote geji yenyewe ipimwe, na hapa kuna jambo la kijiografia ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalijui. Boksi linasema chovya kwenye maji yanayochemka, mshale usome 100. Hiyo ni Dar es Salaam. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Geji inayosoma 100 kwenye sufuria inayochemka Mwanza, Ukerewe au Bukoba imezidisha nyuzi 4, na ile inayosoma 96 ambayo mtu ameitupa ndiyo ilikuwa sahihi. Chovya mkia sentimita 8 angalau, ncha isiguse chini ya sufuria, ngoja dakika tatu maji yakitokota kwa nguvu. Nyuma ya uso wa geji nyingi kuna nati. Ishike kwa spana, zungusha uso taratibu hadi mshale ukae 96. Kipimajoto cha sindano kipimwe pia kwenye barafu, ambayo huku mialoni haikosekani: barafu safi iliyopondwa ijae kikombe, maji kidogo ya kujaza mapengo, koroga, isome 0. Sufuria ya maji ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu iko karibu na joto la kazi. Rudia kila mwezi, na siku yoyote geji ikianguka.

Ukinunua, chukua geji inayoishia 150 au 200. Usahihi wa geji huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chake chote: kosa la asilimia 2 kwenye geji ya 500 ni nyuzi 10, kwenye ya 150 ni 3. Zile bastola za kupimia homa zilizobaki maofisini tangu enzi za korona hazina kazi hapa, zinaishia nyuzi 42 au 43. Bastola za kiwandani zinasoma mbali zaidi, lakini zinasoma uso wa kitu tu, hazisomi hewa, moshi unazivuruga, na kwenye bati linalong'aa zinasoma pungufu. Paka sehemu moja masizi meusi kisha lenga hapo. Kipimajoto cha kioo chenye zebaki kisikaribie chakula kabisa.

Upepo nao una neno lake. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Tanuri ambalo tundu la kuni linatazama ziwa litapulizwa mchana na kutulia usiku, na geji iliyo upande wa upepo itasoma chini kidogo, kwa sababu uso wake na kipande cha mkia kilicho nje vinapozwa. Geji iwe upande uliojikinga. Kama kazi ni ya mchana na usiku, weka bati la kukinga upepo mbele ya tundu la kuni badala ya kuhangaika na geji.

Kuhusu kuni nitasema kwa ufupi: zikauke, ziwe za mti mgumu, zisiwe msonobari wenye utomvu, na mbao za mitumbwi iliyovunjika zenye rangi na lami, au za ujenzi zilizotiwa dawa, zisiingie tanurini hata moto ukiwa umezimika. Hakuna geji inayoweza kupima hilo.

Wala geji haipimi ukavu. Ukavu unapimwa kwa mizani. Samaki aliyesafishwa ana maji kama asilimia 78, yaani katika kilo 10 kitu kikavu ni kilo 2.2. Ukitaka abaki na maji asilimia 20, gawanya 2.2 kwa 0.8: kilo 10 zinatakiwa zishuke hadi kilo 2.75. Trei moja iandikwe namba, ipimwe ikiwa tupu, ikiwa na samaki wabichi, na kila baada ya saa mbili. Ikisoma kilo 4 za samaki na mtu anataka kufunga gunia kwa sababu rangi imependeza, bado ana zaidi ya kilo moja ya maji ya kutoa. Na asifunge wakiwa na moto. Wapoe hadi joto la kawaida kwanza, la sivyo mvuke unarudi kuwa maji ndani ya gunia.

Ombi langu ni kwa wanaotoa matanuri kwa vikundi vya wachakataji, iwe kwa mkopo wa halmashauri au kwa mradi: tundu la geji liandikwe kwenye mchoro kabla ya kujenga. Kutoboa ukuta wa matofali uliokwishaungua kunaupasua, na hapo ndipo fundi anapokimbilia mlango. Kwenye hati ya makubaliano yaandikwe haya: bomba la nusu inchi ukuta wa ubavuni, usawa wa kati ya trei ya kwanza na ya pili, na jingine sentimita 5 juu ya trei ya mwisho; mkia wa sentimita 20 kwa ukuta wa tofali moja, 10 kwa pipa; kipimo kisichozidi 200. Geji iletwe na mteja mwenyewe, ikiwa imeshachovywa kwenye maji yanayochemka na kurekebishwa hadi 96, siku fundi anapoanza kupanga matofali.

Fundi wa matanuri,
Ilemela, Mwanza.